Batri ya Ruphin na Mama Mkwe wa Mulungwishi

Benchi letu la mtaa wa Kikula liko mbele ya meza yangu ya kahawa, na wanaolikalia hununua kikombe kimoja, wakakilea mpaka jua liwe la utosi. Wa kwanza ni Papa Adolphe, tunayemwita Ampère, kipimo cha umeme, kwa sababu zamani alibadilisha balbu moja kwenye machimbo ya Kakontwe. Wa pili ni Didier, tunayemwita Pasta, ingawa hakuna kanisa lililowahi kumwona. Asubuhi hiyo Ruphin alitokea akisukuma pikipiki yake ya porini, ile ndefu yenye matairi ya meno na kiti chembamba kama ubao. Mkewe alikuwa amejifungua juzi mtoto wao wa kwanza, na mama mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara kule Mulungwishi, akimngoja aje kumchukua ili amwogeshe mjukuu.

— Batri imekufa, alisema Ruphin. Nisipofika mbele ya saa sita, mama mukwe anarudi kwake. Na muke wangu ameapa atamufuata na mutoto.

— Batri haikufe, mwana, alisema Ampère. Inalala. Toa kiti.

Ruphin akafungua boliti, akainua kiti. Batri ilikuwa imefungwa kwa mpira, na vichwa vyake viwili vimeota unga wa kijani.

— Aye! Pasta akaweka kikombe chini. Ile ni malachite, jiwe ya shaba!

— Ni kutu, Pasta, alisema Ruphin.

— Kutu ni nyekundu. Hapa Likasi kitu ya kijani iko na bei. Haba na haba hujaza kibaba!

— Basi Ruphin anakalia mugodi, alisema Ampère. Shaba imemuingia kule anapitapita Kakontwe.

— Kakontwe ni chokaa, papa.

— Chokaa iko juu. Chini weye unajua kuko nini?

— Minye nataka kuondoka! alisema Ruphin. Nianze kufungua kamba gani ya batri?

— Ya plus, ile ya kujumlisha. Mukubwa anatangulia.

— Nasikia wanaanzaka na moins, ile ya kutoa.

— Aliyetumika kazi Kakontwe ni weye ao ni minye?

Ruphin akaanza na plus. Ufunguo wa boliti ukagusa chuma cha pikipiki. Paa! Cheche ikaruka, na Pasta akaruka kuishinda.

— Kwa jina la Yesu!

— Si nilisema inalala? Sasa imeamuka.

— Hapana, iko na muzimu wa mugodi. Anataka kahawa.

— Mugeni njoo, mwenyeji apone, Ampère akakubali, na wote wawili wakanitazama.

Nilisogeza birika nyuma ya sketi yangu.

Ruphin aliniomba maji ya moto na bikarbonati ninayopikia maharagwe. Alipoimwagia batri, povu likachemka.

— Muzimu anakunywa! alipiga kelele Pasta.

— Anatapika, alisema Ampère.

Pasta akachuchumaa, akakinga yale matope ya kijani kwa kifuniko cha sufuria yangu.

— Nalinda tu mali ya familia.

Ruphin alisugua kwa mswaki mkuukuu, akakausha, akapaka vaselini ya mtoto wangu. Safari hii hakumwuliza mtu. Alifunga plus, akamalizia na moins, akarudisha kiti, akapanda na kubonyeza kitufe. Pikipiki ikanguruma hadi vikombe vikatetemeka.

— Kakontwe! alishangilia Ampère, kana kwamba ni yeye aliyesugua.

Fortunée, mama aliyehamia mtaa wetu juma lile, alikuwa akingoja kahawa yake, ameyasikia yote. Aliizunguka pikipiki taratibu.

— Samahani, baba. Huku nyuma hakuna chuma ya kushika?

— Hapana, mama. Ni pikipiki ya pori.

— Kwetu, mukwe na mama mukwe hawagusani hata mukono.

— Hata kwetu ni vile, alisema Ruphin.

— Sasa pa mulima, mama mukwe atashika wapi?

Pasta akachungulia ndani ya kifuniko chake. Ampère akanywa kikombe kilichokuwa kitupu. Ruphin alibaki juu ya kiti, mikono kwenye usukani, akitazama upande wa Mulungwishi. Pikipiki ilinguruma vizuri sana, na hakuna aliyeizima wala aliyeiondoa.