Mguu wa Kigari cha Mama Nyaya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wa kumbi zetu, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa taa, sauti na picha, walinzi wetu, wapishi wetu, akina dada wa usafi ambao huyaona makosa yetu sakafuni kabla sisi wenyewe hatujayaona. Shemeji yangu fundi cherehani, mwanetu muuguzi, na wewe uliyetukusanya hapa, dada yangu Mama Nyaya: hamjambo nyote.

Programu mliyopewa mlangoni inasema mambo mawili. Kwanza, leo tunamuaga Mama Nyaya, aliyetandaza nyaya katika kumbi hizi kwa miaka ishirini na tisa. Pili, tunazindua adapta ya kigari cha tepu, itakayotumika katika kumbi zetu zote sita, na cheti cha ubunifu atakabidhiwa fundi mkuu. Fundi mkuu ndiye mimi. Nimesimama hapa kuwaambia kwamba la kwanza ni kweli, na la pili lina uongo ndani yake, na uongo huo ulianzia kwenye karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Sikuja kumvika mtu kilemba cha ukoka. Naomba mnivumilie, maana nikikaa chini kabla ya kumaliza sitasimama tena.

Wageni wetu, mmewahi kujiuliza kwa nini hamjikwai mnapokuja kwenye mikutano hapa? Chini ya miguu yenu hupita nyaya, na juu ya nyaya hupita tepu nyeusi pana, na tepu hiyo haijibandiki yenyewe. Mtu hupiga magoti penye jukwaa, akatambaa mpaka penye mitambo, hatua arobaini, huku akiikandamiza kwa viganja. Halafu anahamia mstari wa pili. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Mama Nyaya. Mimi mwenyewe alinifundisha kazi hii nikiwa mgeni, nisiyejua kukunja hata waya. Alinipiga kofi mkononi akaniambia, "Mdogo wangu, waya haukunjwi kama kamba ya mbuzi!" Na mwisho wa kila tepu hukunja kidogo ncha, ili anayekuja kuibandua apate pa kushika. Wangapi kati yetu humkumbuka anayekuja baada yetu?

Baadaye ofisi ikatuletea kigari. Unakisukuma umesimama wima kama bwana mkubwa, nacho kinabandika tepu huku kikienda. Tulikishangilia mpaka tulipokijaribu. Mfereji wake wa chini ulitengenezwa kwa waya mmoja, na sisi hutandaza mitatu pamoja: wa taa, wa sauti, wa picha. Nyaya zikapandana, kigari kikachechemea, tepu ikakunjamana kama shuka la mgonjwa. Tukakisukumia stoo, na Mama Nyaya akarudi magotini.

Ila yeye hakukisahau. Siku moja yuko nyumbani anamtazama shemeji yangu akishona zipu ya gauni, akamwona anafungua mguu wa cherehani na kufunga mwingine mwembamba. Akamuuliza, "Kumbe huu hubadilishwa?" Shemeji akamjibu, "Mke wangu, miaka yote hii unafikiri zipu nazishona kwa dua?" Basi. Kesho yake kibao cha plastiki cha kukatia mboga kilitoweka jikoni. Mwanetu muuguzi anasema walikatia vitunguu juu ya sahani wiki mbili, wakimshuku jirani. Mama Nyaya alikuwa amekichonga kibao kile: mifereji mitatu, kila waya na njia yake, na mbawa mbili za kuilaza tepu pembeni. Kinapachikwa chini ya kigari kwa skrubu mbili. Ndiyo adapta yenyewe. Hakuna idara iliyoibuni. Ilibuniwa na mwanamke mmoja aliyechoka kutambaa.

Sasa nifike pale ambapo mdomo wangu unakuwa mzito.

Alileta adapta ile siku ya mkutano mkubwa wa madaktari. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu katika cheo hiki, bado wa majaribio. Wageni walitoka kwenda kula, tukabakiwa na saa moja kugeuza ukumbi. Mimi nikatandaza nyaya, yeye akapita nyuma yangu na kigari chake. Ndugu zangu, dakika sita! Hatua arobaini, tepu imelala laini kabisa, na Mama Nyaya amesimama wima anacheka peke yake. Nilimpigia makofi. Kisha nikaenda jukwaani kuchomeka kipaza sauti, kikakataa.

Mafundi wenzangu mmeshaanza kucheka, mmeshajua. Kwa wageni wetu nieleze: waya wa sauti una upande wa pini na upande wa matundu. Wa pini huenda kwenye mitambo, wa matundu hubaki kwa msemaji. Mimi, fundi mkuu mpya, kwa haraka zangu, niliutandaza kinyume. Ilibidi tuubandue. Na tepu ya Mama Nyaya ilikuwa imeshika kwelikweli! Wa akiba nilikuwa nimeuazimisha ukumbi mdogo. Madaktari wakarudi wakatukuta tumelala kifudifudi, tumbo sakafuni, tepu imetuganda mpaka kwenye nywele, na profesa wao akahutubia kwa sauti ya koo lake dakika ishirini nzima.

Ofisi ikataka maelezo kwa maandishi. Niliandika hivi, na nayakumbuka maneno yote: "Ucheleweshaji ulisababishwa na kifaa kisichoidhinishwa kilichofungwa kwenye kigari." Sikuandika kwamba waya ulikuwa kinyume. Sikuandika nani aliutandaza. Nikampa Mama Nyaya asome, nikitegemea anipasulie karatasi usoni. Akasoma polepole, akanirudishia, akasema, "Una mwandiko mzuri, mdogo wangu." Akafungua skrubu mbili, akatia adapta kwenye droo, akapiga magoti.

Alipiga magoti miaka miwili mingine. Miwili! Nami nilikuwa nikipita pale na daftari langu, najitia hamnazo. Leo magoti yale hayakunjiki. Sindano ikianguka nyumbani kwao, fundi cherehani ndiye anayeinama. Ndiyo maana anaondoka miaka minne kabla ya wakati wake. Si kwa sababu amechoka kazi, anaipenda kuliko sisi sote.

Alipokwenda likizo ya matibabu, mafundi waliifungua ile droo wakaifunga adapta kwenye kigari, wala hawakuniuliza. Tangu hapo tumefanya shughuli sitini na moja, na hakuna fundi aliyetambaa. Mkurugenzi akaona, akanishika bega, akasema, "Idara yako ina akili." Nikasema ahsante. Ndugu Mkurugenzi, ile ahsante haikuwa yangu, naomba unirudishie nimpe mwenyewe.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwao, nikamuuliza kwa nini hakunisema. Alikuwa amenyoosha miguu juu ya kigoda. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza njia ya kwake. "Ningekusema, wangekutoa, wangemleta mtu asiyejua kazi. Nimekufundisha miaka tisa, nianze tena na nani?" Nikamwambia nitalisema jambo hili mbele ya watu. Akasema, "Sema. Ila uliseme kwa sauti, usije ukamumunya maneno." Dada, unanisikia huko nyuma? Nasema kwa sauti: waya niliutandaza kinyume mimi. Adapta yako haikuwa na kosa, wala wewe hukuwa na kosa.

Mafundi vijana, sina mawaidha marefu kwenu. Mtakapokosea, nanyi mtakosea, andikeni jina lenu kwenye karatasi hiyohiyo siku hiyohiyo. Mimi nimechelewa, na kuchelewa kwangu kumelipiwa na mwingine kwa mwili wake. Kazi hii naipenda na nitaendelea nayo kama Bodi itaniacha. Ikiniondoa, nitapokea bila kinyongo. Barua ya kusahihisha maelezo yale nimeshaikabidhi ofisini asubuhi ya leo, imesainiwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa kuja, nawashukuru wageni wote, nawashukuru shemeji na mwanetu kwa kibao chao. Limebaki ombi moja. Kwenye cheti hicho mkononi mwako kuna jina langu. Nimeleta kalamu. Tufute, tuandike la mwenyewe. Na kwa kawaida mpokeaji huitwa jukwaani, lakini ngazi za jukwaa hili ni tano, na Mama Nyaya hawezi kuzipanda. Sababu yake mmeisikia. Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba wewe ndiye ushuke. Nami nitashuka nyuma yako, na nikifika mbele yake, nitapiga magoti.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.