Mzamiaji Anatafutwa

Benchi la Generosa pale Tinde, mkabala na mabasi yanaposimama, lina miguu mitatu na tofali moja. Kila asubuhi linabebeshwa watu wazima watatu, birika la kahawa linakaa juu ya mkaa, na vikombe vinaoshwa kwenye ndoo kwa mtindo wa chovya-toa. Bei ya pamba, mvua, mpira, ndoa za watu, yote yalishapatiwa ufumbuzi hapo, na hakuna aliyewahi kurudi kushukuru. Siku hiyo Mageni alifika mapema kuliko wote, kavaa shati la kanisani, begi mgongoni, tiketi ya basi la Dar es Salaam ndani ya simu. Kijiweni wanamwita Sitini. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akishuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Geita, na kila akisimulia, duara lilikuwa na mita sitini, halipungui. Basi lilitarajiwa saa moja na nusu. Saa moja ilikuwa bado, na alikuwa ameshaikagua tiketi mara nne.

— Mwangaluka, Sitini! alisalimu kwa Kisukuma Cornel, fundi baiskeli, anayejulikana kwa jina la Viza. Mhola?

— Mhola duhu, salama tu.

— Sasa shati hilo ni la msiba au la mahakamani?

— La kazini. Nimepata kazi Mafia, kisiwani.

— Kazi gani? akauliza Eliya kinyozi. Huyu jina lake la kijiweni ni Pilau, maana harusi za kuanzia Tinde mpaka Shinyanga mjini amezila zote, na kadi ya mwaliko hajawahi kuishika.

Mageni akakohoa. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu Generosa, mwenye birika, ni dada wa Sesilia, na Sesilia ni mkewe.

— Si ya hotelini? Generosa akasema. Sesilia kaniambia hotelini.

— Ya hotelini, shemeji. Ila… upande wa maji.

— Kuosha vyombo?

— Hebu lete simu, akasema Pilau, na kabla Mageni hajakunja vidole alikuwa ameshainyakua na kusoma kwa sauti ya matangazo ya kanisani: "Kambi ya watalii, Mafia. Boti, uzamiaji na uvuvi kwa wageni. Anatafutwa mzamiaji mwenye uzoefu. Piga namba hii, uongee na Rebeka."

Generosa akaliweka birika chini.

— Mzamiaji? Shemeji, si uliapa?

Aliapa, kweli. Mvua za mwaka jana maji yalipasua ukuta wa duara, na Mageni akakaa ameng'ang'ania gogo huko chini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sesilia alikuwa juu, mdomoni mwa shimo, mtoto mgongoni, akimwita jina kila mara ili ajue kama bado yupo. Alipotolewa, mke hakulia wala hakumkumbatia. Alisema tu, "Ukizama tena, Baba Limi, mimi sitakuja kukaa pale juu." Mageni akaapa, na tangu siku hiyo alibeba magunia ya watu sokoni, kazi isiyoshibisha tumbo wala moyo. Ilipokuja hii ya Mafia, akaona aibu kutaja kuzama, akasema "hotelini". Neno lenyewe dogo, lakini kila Sesilia alipolirudia, yeye aliinuka kwenda kukagua begi.

— Sikiliza, akasema Generosa. Basi likifika kabla hujanipa jibu la kueleweka, nampigia Sesilia mimi mwenyewe.

— Tulia, mama, akasema Viza, akijiweka sawa upande wa tofali. Neno hilo niulize mimi. Mzamiaji ni mtu anayepanda meli bila tiketi wala pasi. Mimi nilizamia meli bandarini Dar es Salaam niende Durban. Siku tatu nimejibana nyuma ya magunia ya saruji, na chupa moja ya maji na biskuti.

— Ukafika?

— Nikafika.

— Durban?

— Mtwara.

Benchi likayumba kwa kicheko. Viza hakujali, alishazoea.

— Chekeni. Huo ni mtego. Wenye meli wamechoka kukamata wazamiaji mmoja mmoja. Sasa wanatangaza kazi, mnakuja wenyewe, mmeoga, mmevaa mashati ya kanisani, wanawafungia wote kwa kufuli moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo umeipachika vibaya, akasema Mageni.

— Imekaa! Mgeni ni nani hapo? Sitini. Anayepona ni nani? Wao. Na tiketi wamemtumia wao! Nani siku hizi anakutumia tiketi kabla hajaiona sura yako?

Hili la tiketi lilimchoma Mageni. Yeye mwenyewe lilikuwa likimsumbua tangu juzi.

— Viza, wewe ulizamia meli mara moja, akasema Pilau. Mimi harusi nazamia mwaka wa tisa huu. Sasa fikirini. Wageni wanakuja kufungia ndoa ufukweni. Bwana harusi, bibi harusi, mchungaji, basi! Viti vitupu. Picha itatokaje? Lazima waajiri wazamiaji wenye uzoefu. Mtu anayejua kukaa kama mjomba, kulia kidogo wakati wa kiapo, kubeba sahani mbili kwa mkono mmoja.

— Na boti za nini? akauliza Viza.

— Za kupeleka watu ukumbini.

— Na uvuvi?

— Kitoweo!

— Imeandikwa uvuvi kwa wageni. Wanavua wenyewe.

— Basi huo ndio mchango wa harusi, kila mtu na samaki wake. Sitini, wewe umechumia kivulini miaka kumi na miwili, haki yako sasa ni kulia juani. Wahenga walishaligusa hilo.

— Harusi iko wapi? Mageni akafoka. Nimeongea na Rebeka mwenyewe. Wageni wanavaa miwani, wanashuka chini ya maji kuangalia samaki.

— Kuangalia tu?

— Kuangalia tu.

— Hawali?

— Hawagusi. Na wale wa boti ya uvuvi wanamvuta samaki mkubwa saa nzima, akishatoka wanampiga picha, wanamrudisha majini.

Hapo kijiwe kilichafuka. Watu wa Tinde wamezoea sato anayewafikia kutoka Mwanza akiwa amechoka kuliko abiria, na bado wanamgombea. Habari ya kumrudisha samaki iliwaingia vibaya.

— Wanamrudisha? Mzima?

— Mzima, na anaogelea.

— Nimeelewa, akasema Pilau baada ya funda mbili. Samaki mkunje angali mbichi. Wanajaribu kumkunja, wakiona amekomaa, hakunjiki, wanamwachia.

— Wapi! akasema Viza, na sauti ikashuka ya kunong'ona. Yule samaki anawekewa kifaa mdomoni. Wakimwachia, anakwenda mpaka Durban anakusanya habari.

— Durban tena!

— Samaki haulizwi viza, ndugu yangu. Na huyo mzamiaji wanayemtafuta, kazi yake ni kumfuata samaki huko chini, akapokee ripoti.

— Shemeji, akasema Generosa, ambaye hakuwa amecheka hata mara moja. Mimi sina haja na samaki. Unashuka au hushuki?

Mageni akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Aliniuliza uzoefu, nikasema miaka kumi na miwili. Akaniuliza kina, nikasema mita sitini. Akawaita wenzake, nikawasikia wanacheka kwa furaha. Akasema hata mabingwa wao hawafiki huko.

— Na hewa? akauliza Generosa.

— Si kompresa ipo! Duarani hewa inasukumwa na kompresa, inapita kwenye bomba mpaka kwa mtu aliye chini. Ya kwetu niliihudumia mimi miaka sita, kila kabla ya kushuka. Mashine ile nilikuwa naijua kwa sauti. Ikianza tu kubadilisha mlio, nimeshajua chujio limejaa vumbi. Nilimweleza yote hayo, mtandao ukakatika. Kesho yake ikaja tiketi na neno moja, njoo.

— Na maji je?

— Maji na udongo tofauti yake nini? Vyote viko chini.

— Udongo hauingii puani, shemeji.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Pilau kumpa moyo. Hayaingii yote kwa mpigo.

— Na mfa maji haachi kutapatapa, Viza akaongeza. Bidii hiyo! Mwajiri gani hapendi mtu wa bidii?

Walimaanisha wema, lakini Mageni akakiweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu apokee tiketi aliifikiria ile bahari, ambayo hajawahi kuiona hata siku moja, akaiona ni shimo lisilo na kuta. Huko hakuna gogo la kung'ang'ania. Na Sesilia alishasema hatakuja.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja na gunia la karanga, akalitua chini, akasalimia, akasema anaitwa Dorah na anasubiri basi hilo hilo ashukie Nzega. Akaomba kahawa. Generosa akainamisha birika mpaka likakaribia kulala, kikombe kikajaa nusu.

— Ndiyo imeisha hiyo, akasema.

Dorah akanywa taratibu, akiwasikiliza. Walikuwa wamerudi Mtwara, wakapita harusini, wakasoma tena tangazo la Rebeka, wakafika kwenye ripoti ya samaki. Akafuta midomo.

— Samahani, nauliza tu. Huyo Rebeka, mlipompigia kumuuliza mtu akazamie nini, alisemaje?

Pilau akachungulia kikombe chake, kikavu. Viza akaanza kukagua tofali.

— Kumpigia? akasema Viza.

— Namba si iko humo kwenye simu?

Mageni akaichukua simu mkononi mwa Pilau, akapiga, na Generosa akanyoosha mkono akabonyeza spika.

— Halo, dada Rebeka? Ni Mageni, wa Tinde. Basi linakaribia. Nilitaka kujua… huko nakuja kuzama wapi?

— Uzame? Sauti ya Rebeka ikacheka. Nani kakwambia unazama? Kaka yangu, mzamiaji tulimpata siku ile ile, mtu wa hapa hapa kisiwani. Wewe tunakuitia kompresa! Wageni wanabeba mitungi ya hewa mgongoni, inajazwa kwa kompresa, na aliyekuwa anaihudumia ameacha kazi. Uliponieleza unavyosikiliza ile mashine yenu, bosi akasema huyo huyo, atafundishwa ya kwetu. Nikataka kukwambia, mtandao ukakatika.

— Kwa hiyo mimi sishuki.

— Hushuki. Wakishuka wao, wewe unabaki juu. Na zile mita sitini usimtajie mgeni yeyote, atataka apelekwe.

Miaka yote Mageni alipokuwa akishuka, wa kubaki juu alikuwa mwingine, mwenye mtoto mgongoni. Machozi yalimtoka mbele ya Viza na Pilau, akayaacha yatoke.

— Si nilisema? akasema Pilau.

— Ulisema harusi!

— Nilisema kuna watu watakaohitaji mtu mzoefu.

Honi ikalia. Basi la kutoka Kahama likaja na vumbi lake, kondakta ananing'inia mlangoni: "Nzega, Singida, Dodoma, Dar!" Generosa akamsukuma Mageni mgongoni, kwa nguvu na kwa upendo.

— Nenda, shemeji. Ila Sesilia unampigia wewe. Mimi simo.

Alipata kiti cha dirishani, Dorah kando yake, gunia la karanga likiwa limewekwa katikati ya miguu. Basi halijapita nyumba za mwisho za Tinde, akapiga.

— Mama Limi, nilikudanganya. Kazi si ya hotelini hasa. Kuna watu wanazama majini, na mimi nimeitwa kushika kompresa inayowajazia hewa. Wanazama wao. Mimi nabaki juu.

Upande wa pili kuku walilia, mtoto akauliza ni nani. Kisha Sesilia akashusha pumzi ndefu, Mageni akaisikia yote.

— Unabaki juu, akasema.

— Nabaki juu.

— Sema tena.

— Nabaki juu, Sesilia. Haki ya Mungu.

Mke akacheka, kicheko ambacho Mageni hakuwa amekisikia tangu mvua za mwaka jana, na yeye akacheka, na Dorah akacheka bila kuulizwa. Halafu Sesilia akaacha kucheka.

— Juu ya nini?

Hilo Mageni hakuwa amemuuliza Rebeka: ufukweni au ndani ya boti? Nje ya dirisha kulikuwa na mashamba makavu ya mtama na lambo moja la ng'ombe, maji yake hayafiki magotini. Akamtazama Dorah. Dorah naye alikuwa anasubiri jibu.

— Baba Limi? Juu ya nini?