Bosi Aliposema Hanijui

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za jioni. Mie nimezoea kupiga magoti, maana kazi yangu ni kupanga marumaru. Kusimama mbele za watu sijazoea. Nikipandisha sauti, mjue si nyie niliowakasirikia.

Kazi hii nilijifunzia saiti, hapa hapa Temeke. Nilianza kwa kumchanganyia fundi saruji, mpaka alipougua nikamalizia choo peke yangu. Baadaye mkandarasi mmoja akanichukua. Jina lake silitaji. Miaka saba nimemfanyia kazi kwenye majumba ya Mbezi Beach. Nilipouliza habari za mkataba, alikuwaga ananiambia, "Dada, wewe ni mtu wa nyumbani, karatasi za nini?" Na mie nikaona raha! Ndugu zangu, nawaambia, nilidhani naheshimiwa.

Siku moja nipo juu, napanga marumaru kwenye ukuta wa ngazi, miti ya mirunda niliyokanyaga ikaachia. Nikaanguka nayo, mguu ukavunjika sehemu mbili. Wenzangu wakanikimbiza hospitali, wakampigia bosi, simu wakaiweka spika.

"Nani huyo?" akauliza.

Wakamtajia jina langu.

"Simjui. Kwenye orodha ya wafanyakazi wangu hayupo. Labda kibarua wa kupita."

Wa kupita! Miaka saba, wa kupita! Na kinachoniuma mpaka leo, kuhusu orodha hakudanganya. Walikuwemo makarani na madereva wake. Sie tuliokuwa tunajenga hatukuwemo hata mmoja.

Nikalala ndani miezi, mguu umefungwa hogo la plasta, mume wangu ananibeba mpaka uani. Nikaapa mwiko wa saruji sishiki tena.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akaja kunijulia hali.

"Mwanangu, una huzuni au una hasira?"

"Nina hasira, mama."

"Afadhali. Ukiweza tu kusimama, tunatoka."

Akanieleza kuwa kuna chuo cha ufundi kinawapima watu waliojifunzia kazini, kisha kinawapa cheti. Tukaenda, mie na magongo yangu. Dirisha la kwanza wakatutuma la pili. La pili limefungwa. Tukaambiwa tulete barua ya mtaa. Mtaani, mwenye mhuri hayupo. Halafu utawasikia wakubwa kwenye redio, eti watu wa chini hawapendi kujirasimisha! Hatupendi, au mmetuficha mlango? Mwalimu akakaa kwenye benchi, akasema, "Sie hatuondoki." Alasiri barua ikagongwa mhuri.

Siku ya kupimwa, mkaguzi akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu, "Saiti." Akanionyesha sakafu ya bafu, akasema nipange, kisha akaenda zake. Nikapanga huku mguu unawaka moto. Aliporudi akamwaga ndoo nzima ya maji. Yote yakakimbilia kwenye tundu, halikubaki hata tone. Akachuchumaa, akapitisha kiganja sakafuni.

"Nani alikufundisha kukadiria mteremko hivi?"

"Maji, baba. Nilikuwaga nakosea, yananirudia miguuni, nabomoa naanza upya."

Akasaini pale pale. Nililia, sisemi uongo.

Kwa cheti kile tukajikusanya mafundi wa mtaani, tukasajili kikundi. Mkandarasi wa kwanza tuliyemwomba mkataba alitucheka. "Mafundi wa uswahilini nao wanataka bima?" Tukafunga vifaa vyetu, tukaondoka. Wa pili, wa Mikocheni, alisoma kila mstari, akasaini. Leo nimo kwenye orodha, na nikiumia kuna wa kunitibu.

Mume wangu, asante kwa mgongo wako. Wenzangu mlionibeba, asanteni. Mwalimu, umekaa pale nyuma unajificha, Mungu akuweke.

Na wewe ambaye kesho asubuhi unaingia saiti, usikubali kuitwa ndugu, dada wala mtu wa nyumbani. Mwambie akuonyeshe jina lako lilipoandikwa. Kama halipo, usipande.