Epiphanie Maombi, Aliyeandika Maneno ya Watu wa Mchezo

Wachungaji wetu, wazazi, majirani wa Dzaleka na ninyi mliotoka Lilongwe, mimi ni Ezechiel, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu Epiphanie Maombi.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1996 huko Fizi, Kongo, mtoto wa kwanza wa mzee Gakiza na mama Espérance, akaanza shule hukohuko na kuikatisha mwaka 2009, alfajiri ile kijiji chetu kiliposhambuliwa na baba akauawa mlangoni, nasi tukapita Tanzania na mama mpaka kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ambapo Epiphanie alimaliza sekondari mwaka 2016, kisha akajifunza kompyuta.

Mwaka 2019 aliajiriwa Lilongwe, mtaa wa Area 49, na bwana Hubert, mtengenezaji wa michezo ya video, kazi yake ikiwa kuandika mazungumzo ya wale watu wa ndani ya mchezo ambao mchezaji hawaongozi bali hukutana nao tu njiani, muuza samaki, mlinzi, mama anayechota maji, kila mmoja anajibu nini akisalimiwa na nini akitukanwa. Mama alimuuliza, "Kazi yako njo kuongeleya bantu basiokuwako?" naye akamjibu, "Ndiyo mama, na biko bengi."

Tarehe 17 Julai 2020 alifunga ndoa na Ambroise, fundi cherehani, wakajaliwa Kelly, huyu mnayemwona amebebwa na bibi yake, na mwaka 2022 mtoto wa pili, ambaye alizaliwa amekwisha kufa.

Mwanzoni mwa 2023 mchezo ulifika sehemu ya mji kuvamiwa, Hubert akamwomba aandike mayowe, naye akakataa, akasema mbele ya wenzake wote, "Siku ile kwetu hakuna mutu alipiga kelele. Tuliongea polepole, basitusikie," kisha akaandika majirani wanaoulizana kwa sauti ya chini nani amewaona watoto, na mwanamke mmoja anayeita jina la mume wake bila kujibiwa. Jumapili moja alimsomea mama maneno hayo, mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Njo vile ilikuwa," akatoka nje.

Mwezi wa tano mwaka huohuo, serikali ilipowarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini, alirudi hapa Dzaleka na kuendelea kuandika kwa simu, hadi Novemba 2024 figo zilipomshinda, akawa anapelekwa Lilongwe kusafishwa damu, na macho yalipopungua nguvu alimtamkia Ambroise maneno, Ambroise akayaandika.

Tarehe 6 Agosti 2025, tukimkimbiza hospitali, tulipokuwa tumepita Lumbadzi, kichwa chake kikiwa mapajani kwa mume wake, pumzi ilikatika, na Ambroise akamwambia dereva asikimbize tena gari. Ameacha mume, binti mmoja, mama na mimi, na mchezo haujatoka bado.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Nahayo aliyetoa gari lake kila mara bila kulalamika, kina mama wa kwaya, na wenzake wa kazini, ambao Hubert ametuahidi kwa niaba yao kwamba alichoandika hakitabadilishwa. Kwenu nyote, zikomo, asanteni.

Dada, maumivu yamekwisha. Mungu akupokee, ulale kwa amani.