Sahani ya Chini ya Bi. Hajira

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha maabara ya asembli katika kampasi yetu ya Korogwe, Bi. Hajira Mdoe anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Anarudi kwao Kideleko, Handeni, kwenye shamba la mahindi na mbuzi ambao, kwa maelezo yake, ni wasikivu kuliko wanafunzi wa mwaka wa pili. Idara ya Kompyuta inamsindikiza kwa shangwe, ingawa wiki hii wengine wetu tumekuwa tukijifuta macho na kusingizia vumbi la chaki.

Kwa wasomaji wa idara nyingine: asembli ni lugha ya kuiamuru kompyuta kwa hatua ndogo mno. Chukua namba hii, ijumlishe na ile, iweke pale. Ukiruka hatua, mashine haikukumbushi, inakuacha upotee.

Bi. Hajira alifika hapa akiwa mkufunzi kijana, enzi za kompyuta chache na umeme wa kubahatisha. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kipindi. Badala ya kuwaruhusu wanafunzi waondoke, alichora sakafuni visanduku vyenye namba, kila kimoja hatua moja ya programu, akagawa punje za mahindi ziwe hesabu, akawaamuru waitembee programu kwa miguu. Umeme ulirudi, lakini kutembea hakukukoma. Ikawa sheria ya maabara: hugusi kibodi kabla hujatembea.

Kisha zikaja sahani. Zilikuwa za bati, zenye maua ya bluu pembeni, mali ya marehemu mama yake, Bi. Mwanaisha. Mwanafunzi akitumwa kwenye kazi ya kando, yaani kipande cha programu kilicho nje ya njia yake, huandika kwa chaki kwenye sahani namba ya kisanduku atakachorudia, akaiweka juu ya rundo. Akiwa huko anaweza kurundika sahani zake za kuhifadhia namba, mradi aziondoe zote kabla ya kurudi, kwa sababu sahani ya juu ndiyo itakayomwonyesha njia. Ile ya chini kabisa ilifunikwa kifudifudi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Tulipouliza, alisema ni yake, akabadilisha mazungumzo.

Saa hiyo ya kutembea ilikuwa na utulivu wake. Alasiri, ukungu ukishuka taratibu kutoka upande wa Vugiri, utawakuta vijana peku wanapita kisanduku hadi kisanduku, midomo ikichezacheza, punje viganjani, kana kwamba wote wanaota ndoto moja. Mlinzi mmoja mgeni aliwahi kuchungulia dirishani, akavua kofia na kuondoka kimyakimya. Alidhani ni ibada. Mimi niliyekaa meza ya jirani miaka yote hiyo sikuwahi kumwona mlinzi huyo mjinga.

Msije mkadhani alikuwa mpole tu. Kazi iliyochelewa haikupokelewa, hata kama basi la Handeni limeharibika njiani. Kunakili kwa jirani kulimaanisha sifuri mbili, yako na ya jirani. Kila mstari ulitakiwa kuwa na maelezo ya kwa nini, kwa maneno yako mwenyewe. Elisha wa Bungu, ambaye siku hizi ni mhandisi, aliwahi kuandika kando ya mstari mmoja, "Hapa namwachia Mungu." Alipewa nusu alama kwa ukweli wake.

Mwaka huu, hata hivyo, tulikaribia kumuaga vibaya. Kamati ya mitaala ilipendekeza kazi zote zisahihishwe na kompyuta: jibu likiwa sahihi, alama zako hizo, na sakafu ipigwe deki. Bi. Hajira aliumia, na hakuficha. Hakuogopa kuondoka yeye. Aliogopa kutembea kuondoke naye. Aliwaomba wanakamati waje waone kipindi kimoja kabla ya kuamua, wakaja.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Valentino, kijana hodari ambaye programu yake ilikwisha kupewa alama zote na kompyuta. Akatembea vizuri, akatumwa kazi ya kando, akatangaza jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Kisha akachukua sahani ya juu, akasoma namba, akaenda moja kwa moja hadi kugota kwenye kabati. Alikuwa amesahau kuondoa sahani yake ya kuhifadhia. Akaisoma namba yake mwenyewe akidhani ndiyo njia ya kurudi.

"Madam, nimefika," alisema, uso ukitazama kabati, "ila sijui nimefika wapi."

Darasa zima liliangua kicheko, na kamati nayo. Bi. Hajira hakucheka. Alimwambia kwa upole, "Rudi ulikotumwa, mwanangu, uangalie umeacha nini juu ya njia yako." Valentino akarudi, akaiondoa ile sahani, akaiona ya chini yake, na safari hii akafika. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kompyuta ilikuwa imesoma jibu tu, haikumngoja arudi.

Kamati haikuhitaji kikao kirefu. Kutembea kumeandikwa kwenye sera ya kozi, na mkuu wa idara, Dkt. Glory Hiza, ambaye zamani aliwahi kurudia kozi hii kwa Bi. Hajira, ndiye atakayeifundisha mwenyewe kuanzia muhula ujao.

Juzi tulifanya kipindi cha mwisho. Wanafunzi waliziondoa sahani moja moja, ikabaki ile ya kifudifudi. Dkt. Glory alimpisha mwenyewe aifunue. Kwa rangi ya kucha iliyofifia, kwa mwandiko wake wa enzi za usichana, ilikuwa imeandikwa neno moja: Kideleko. Bi. Hajira aliisoma kama anayeiona mara ya kwanza, akalia, nasi tukalia. Aliikumbatia hiyo moja, nyingine zote akatuachia.

Asante, Bi. Hajira, kwa kutufundisha kuondoa vyetu njiani. Maisha yako huko yawe mema na marefu, mvua ziwahi, mbuzi wakutii. Kazi uliyotumwa umeimaliza. Njia iko wazi, rudi nyumbani.