Sweta Iliyogeuzwa: Maneno ya Wakazi wa Nyumba ya Tamarak kwa Mwenyekiti wa Bodi

Mgeni rasmi Bi. Roberta Gunderman, Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini ya chuo chetu; Mkuu wa Wanafunzi; wazazi mliosafiri juu ya barafu kuja hapa, majirani wa Mtaa wa Kinu, na ninyi vijana wenye nyumba:

Sisi wakazi wa Nyumba ya Tamarak tunakukaribisha. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Umekuja, tumefurahi, na sasa tunangoja kuona kama tutapona.

Anayesoma ni mimi, Verlyn Tollefson. Nilifanya kazi katika kinu cha karatasi hapo ng'ambo ya mto, na shahada yangu niliipata katika chuo hiki hiki kwa masomo ya jioni, kichwa kikiwa kimeshaota mvi. Ninaishi jirani, na tangu mke wangu alipofariki ninakula chakula cha jioni na vijana hawa. Wamenichagua kwa sababu walizozijadili kwa kirefu, kama wanavyojadili kila kitu. Walisema akisoma kijana, mtasema amefundishwa. Akisoma mlezi wa nyumba, mtasema anatetea mkate wake.

"Babu Verlyn hana cha kupoteza," alisema Ansel Beaulieu, ambaye ana miaka kumi na minne na yuko mwaka wa pili wa fizikia. "Halafu sauti yake inafika mpaka nyuma."

Basi nimesimama. Lakini maneno ni yetu sote. Tumeyapigia kura sentensi kwa sentensi, na zile nilizozipenda zaidi zilikataliwa.

KUHUSU KEKI

Mgeni rasmi, tumeiona keki iliyoletwa mezani kutoka jiko kuu, ikiwa na rangi za chuo. Tunashukuru. Tunaomba tu uelewe kwa nini hakuna kijana aliyeisogelea, ingawa wote wako katika umri wa kula hata miguu ya meza. Jiko kuu liliwahi kutuletea keki siku tulipoambiwa kwamba basi letu dogo linachukuliwa. Likaleta nyingine siku mshauri wetu alipohamishwa. Hatusemi kwamba keki ina kosa. Tunasema tunaifahamu.

HISTORIA YA NYUMBA

Mpango huu unachukua vijana wenye vipaji vya pekee na kuwaingiza chuo kikuu bila kupita sekondari. Ulipoanza haukuwa na nyumba. Vijana waligawiwa vyumba katika bweni la Mnara wa Kaskazini, pamoja na watu wazima wenye ndevu na magari. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyeweza kusahihisha hesabu za maprofesa ubaoni, lakini vuli nzima alikula biskuti za kwenye mashine ya korido, kwa sababu hakujua katika ukumbi wa chakula akae karibu na nani. Kifua kilipombana ndipo watu wakajua.

Marehemu Mwalimu Ingrid Sather ndiye aliyemgundua. Akakiomba chuo nyumba hii ya mbao, iliyokuwa bweni la wafanyakazi wa kinu, akahamia humo mwenyewe. Akaweka kanuni mbili. Ya kwanza, katika nyumba hii hakuna anayekula peke yake. Ukimwona mtu na sahani yake pembeni, unahama wewe na sahani yako.

Ya pili tunaomba uisikilize vizuri, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Vijana hawa, kule walikotoka, walikuwa sahihi kila siku, na walichukiwa kwa hilo. Mwalimu Sather alikuwa akisema, "Mtoto ambaye daima yuko sahihi hana rafiki." Kwa hiyo akaanzisha Alhamisi ya Kinyume. Kila Alhamisi baada ya chakula, kijana mmoja anageuza sweta yake nje ndani, anasimama kwenye kigoda, na anatetea kwa nguvu zake zote jambo asiloliamini. Kadiri analolitetea linavyomuuma, ndivyo anavyopigiwa makofi. Ansel amewahi kutetea kwamba dunia ni bapa, akatutia wasiwasi. Mpishi wetu, Mama LaVonne Kubicek, aliwahi kugeuza aproni yake akatetea chakula cha makopo, na machozi yakamtoka. Hivyo ndivyo vijana hawa wanavyojifunza kwamba mtu wa upande wa pili naye ana akili.

MAFANIKIO

Tunayo, na hatutayasoma yote. Medali na vyeti viko ukutani, mgeni rasmi umeoneshwa ulipoingia, tena ukapigwa picha navyo. Tutataja yale yasiyotundikwa. Vijana wa nyumba hii wanajua kuondoa theluji milangoni mwa majirani wazee bila kuambiwa. Wanajua kunyamaza mwenzao akilia. Wanagombana juu ya zamu ya vyombo kama watoto wa nyumba yoyote.

"Wewe jana uliosha vijiko tu."

"Vijiko ndivyo vigumu, kaka, vina umbo baya."

"Sema ukweli, umevikwepa vyungu."

Kwa mtoto aliyekaa miaka bila mtu wa kugombana naye, haya ni mafanikio. Na mvulana yule wa biskuti leo ni daktari wa watoto. Kila mwaka hutuletea samaki aliowavua kwenye ziwa lililoganda, na hukaa katikati ya meza.

CHANGAMOTO

Majani yalipokuwa bado yanaanguka, walikuja watu wawili na kamba ya kupimia. Mama LaVonne aliwakuta ukumbini.

"Ninyi mnapima nini?"

"Mazulia, mama. Chuo kinataka kubadilisha mazulia."

Mama LaVonne akatazama sakafu. "Zulia gani?"

Nao wakaitazama. Sakafu ya nyumba hii ni mbao tupu za msonobari tangu ilipojengwa.

"Basi tunapima ili yawekwe," akasema mmoja.

"Mpaka bafuni? Mpaka paa?" Maana mwenzake alikuwa juu ya ngazi.

Yule wa juu akashuka. Walikaribishwa supu ya mchele wa mwitu unaoota ziwani, wakala, na mmoja akaomba aongezwe. Sisi hatumnyimi mtu chakula kwa sababu ya kamba yake. Lakini zulia hatujaliona mpaka leo.

Baadaye vitanda vilivyovunjika tuliambiwa tusiviandikie maombi. Ndipo tulipouliza wazi, na Mkuu wa Wanafunzi akatujibu kwamba hakuna lolote lililoamuliwa na kwamba Bodi itamtuma mtu aje atusikilize. Sisi tukapendekeza Jumapili, wazazi wanapokuwepo. Jibu likaja: Alhamisi. Hatumtuhumu mtu. Tunasema tu kwamba Jumapili ilikataliwa.

Baada ya Mwaka Mpya akaja Bwana Kip Lathrop, mshauri wa Bodi, mtu mpole mwenye viatu visivyofaa theluji. Na hapa tunakiri ujinga ambao ni wetu wenyewe. Mtu mwenye akili za kawaida angesema, usiku huu tuache mchezo, tumweleze mgeni tunavyoipenda nyumba yetu. Vijana wetu hawakuwaza hivyo. Waliona heshima kubwa kuliko zote ni kumwonesha mgeni desturi yao ikiwa imenolewa makali. Wakachagua hoja inayouma kupita zote: kwamba Nyumba ya Tamarak ifungwe. Wakamchagua wa kuitetea yule anayeipenda zaidi, Pa Houa Xiong.

Pa Houa ana miaka kumi na mitano. Alitoka kwa wazazi wake mjini St. Paul akiwa hazungumzi na mtu ila kwa kuandika kwenye karatasi ndogo. Alikaa karibu nami mezani majira yote ya baridi ya kwanza, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Babu, unapaka siagi vibaya." Usiku ule aligeuza sweta yake ya kijani akapanda kigodani.

Bwana Lathrop akamwambia kwa upole, "Binti, sweta yako umeivaa kinyume."

"Ninajua," akasema Pa Houa, na nyumba nzima ikacheka. Mlezi wetu akamweleza mgeni desturi. Alitikisa kichwa kukubali. Tulimwona.

Pa Houa akasema hivi: "Nyumba hii imetuweka kama mayai kwenye kisanduku cha pamba. Yai linalotunzwa sana halijawahi kuwa kuku. Mkitupenda, tupasueni." Akaendelea mpaka mlezi wetu akashika kichwa. Tulimpigia makofi tukisimama. Bwana Lathrop naye alipiga, huku akiandika.

Wiki chache baadaye Mkuu wa Wanafunzi alikuja wakati wa chakula, akatusomea aya za ripoti. Ripoti inasema kwamba wakazi wenyewe wanaiona nyumba kuwa inadumaza. Ikanukuu mayai. Ikanukuu kisanduku cha pamba. Ikasema kwamba maneno hayo "yalipokelewa na wakazi wote kwa makofi ya kusimama." Neno moja juu ya sweta halikuwemo.

Pa Houa aliweka kijiko chini. Ansel, ambaye hajui kunyamaza, alisema, "Lakini huo ulikuwa mchezo wetu." Mkuu wa Wanafunzi akamjibu, "Mara nyingi watu husema ukweli wakiwa wanacheza."

Mgeni rasmi, tumelitafakari jibu hilo. Limekaa vizuri mno, haiwezekani lilitungwa pale pale mezani.

Tangu siku hiyo Pa Houa anajibu akiulizwa chumvi iko wapi, basi. Ile sweta ameikunja chini ya kitanda. Karatasi ndogo zimerudi. Ile aliyonipa mimi ilisema: "Babu, nimetufukuza."

Tulimwambia si yeye. Hakubali. Ni mtoto wa hoja. Anataka ushahidi, na sisi ushahidi hatuna, tuna shaka tu.

MAOMBI

Tunaomba ripoti ile isihesabiwe kuwa sauti yetu. Sauti yetu ni hii unayoisikia sasa, na nguo zetu zote zimevaliwa sawasawa; unaweza kukagua.

Tunaomba, kama vijana ni lazima warudishwe Mnara wa Kaskazini, wasigawanywe mmoja mmoja kila ghorofa kama ilivyokuwa zamani. Tokeo lake mnalijua: ni yule mvulana wa biskuti tuliyemtaja. Hata kuku huatamia mayai pamoja.

Ombi la tatu ndilo lililotugombanisha wakati wa kura. Tulimuuliza Pa Houa kama tuliondoe au angalau tufiche jina lake. Akasema, "Liwepo. Maneno yalikuwa yangu." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote tuliyoyasikia kwake tangu ripoti isomwe, kwa hiyo tumemtii.

Sisi tunashuku, mgeni rasmi, kwamba nyumba hii ilikwisha kufungwa mioyoni mwenu kabla Bwana Lathrop hajavuka kizingiti. Wapimaji walikuja na vuli. Yeye alikuja na theluji. Tunashuku kwamba hamkutafuta maoni, mlitafuta nukuu, na mtoto akawapa nzuri kuliko mlivyotarajia. Kwa kawaida mwenye shaka huomba aambiwe kwamba amekosea. Sisi leo tunaomba kinyume chake, na hatuchezi. Kama uamuzi ulikuwa umekwisha kupita, useme hapa, kwa mdomo wako, mbele ya Pa Houa. Nyumba tutaipoteza. Lakini mtoto huyu ataacha kuamini kwamba aliibomoa kwa ulimi wake, na huenda akakaa tena mezani na kunisahihisha siagi yangu.

Na kama kweli hamkuwa mmeamua, mkashawishiwa na yeye, basi mmeshawishiwa na mtoto aliyetetea asichokiamini. Kwa desturi ya nyumba hii, msikilizaji ana haki ya kurudi Alhamisi inayofuata kusikia upande wa pili. Kiti kipo. Chakula kitakuwa viazi na nyama ya kuoka, na hutakula peke yako.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunakuombea heri. Mungu akulinde katika barabara hizi zenye barafu, akufikishe kwako ukute taa inawaka na mtu anakungoja mezani. Nasi atulinde, popote tutakapolala msimu ujao. Keki tutaikata ukimaliza kuzungumza, vyovyote utakavyosema, maana tumefundishwa adabu.

Ukumbi huu una baridi, na koti lako liko kwenye msumari karibu na mlango. Pa Houa ndiye atakayekuletea. Utakaposimama kutujibu, tunakuomba ulivae upande wake wa kawaida.

Ni sisi,
Wakazi wa Nyumba ya Tamarak