Marehemu Armida Zuliani na Mawe Mawili ya Namba 611

Padre Luciano, majirani wa Salet, na nyinyi wageni mliotoka mbali, historia ya mama yetu Armida inasomwa na mwanawe wa kwanza, Ermes, ambaye aliiandika Jumamosi, akaifuta Jumapili, na hadi asubuhi hii hajui kama anasoma maisha ya mtu mwema au ya mwizi, kwa hiyo akikwama mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa hapa Salet tarehe 14 Novemba 1938, au tarehe 16, kwa kuwa kitabu cha parokia kilipotelea kwenye kifusi cha tetemeko na mwenyewe alikula keki siku zote mbili. Alisoma shule ya msingi ya hapa hapa hadi mwaka 1949, kisha mwaka 1953 akaenda Udine kwa masista kujifunza kudarizi, na huko ndiko alikopata ule mwandiko mzuri uliotufikisha hapa.

Tarehe 22 Aprili 1961 alifunga ndoa na marehemu Nereo Zuliani, seremala, wakajaliwa watoto wawili, Ermes mwaka 1963 na Lidia mwaka 1966. Tarehe 6 Mei 1976, ardhi ilipotikisika, Baba aliwatoa watoto wote wawili nje, akarudi kumfuata mama yake, na akakutwa chini ya kifusi, ikiwa imebaki hatua moja tu afike kizingitini. Kwetu maiti hutolewa kwa mlango wa nyumba yake, kisha kwa mlango wa kanisa, na jeneza huteremshwa mara tatu liguse kizingiti, ndipo mtu huhesabiwa kuwa ameaga, lakini mwaka ule wafu walikuwa wengi kuliko milango, askari wakamtoa Baba kwa tundu la ukuta wa nyuma, akazikwa bila kuaga. Mama hakulia mbele yetu, alisema tu, "Mzee wenu ametoka kama paka."

Mwezi Aprili 1977, tuliporudi kutoka hoteli za pwani tulikohifadhiwa, Mama aliajiriwa na kamati ya misaada kuandika namba kwa rangi nyekundu kwenye mawe ya kanisa hili, ambayo yalikuwa yametandazwa uwanjani kama nguo zilizoanikwa, ili kila jiwe lirudi mahali pake. Wiki hizo hizo tingatinga lilikuwa likizoa vifusi vya nyumba zetu na kuvimwaga mtoni. Kanisa lilibarikiwa tarehe 2 Oktoba 1988, likiwa kamili, isipokuwa kwenye kizingiti cha mlango mkuu kulibaki pengo la vidole viwili, na profesa mmoja aliandika kurasa arobaini kuthibitisha kwamba kosa ni la baridi iliyosinyaza mawe.

Kazi ile ilimkolea. Desemba 1980 alikwenda Irpinia na cherehani yake kuwashonea mablanketi waliokumbwa na tetemeko la huko, na mwaka 1996, vita vilipokwisha Bosnia, alikaa miezi saba kwenye vijiji vilivyochomwa, ambako, wenzake wanasema, alimwuliza kila mwenye nyumba anataka kuokoa kitu gani kabla ya kumpimia saruji, na hakuruhusu mtu amharakishe.

Januari mwaka huu wa 2024 aliugua mapafu, akalazwa, na tarehe 9 Machi akafariki, akiwa na miaka themanini na mitano.

Jumapili, waombolezaji walipozidi viti, tuliamua kutumia lile jiwe la nyuma ya banda la kuku, alilozoea kulikalia akimenya viazi, na tulipoligeuza tulisafishe tukakuta chini yake, kwa rangi nyekundu na mwandiko wake, namba 611. Lidia alifungua daftari la kamati, ambalo Mama alikuwa amelihifadhi, akasoma kwamba 611 ni kizingiti cha mlango mkuu wa kanisa, akauliza, "Sasa pale mlangoni tunakanyaga nini?" Hapo Mzee Tite, mwashi aliyefanya kazi na Mama, aliweka glasi yake chini. "Enyi wanangu, ni kizingiti cha kwenu hicho," alisema. "Tulikichukua kabla tingatinga halijafika. Mama yenu akakiandika 611, akaniambia, Tite, sukuma toroli, na mdomo ufunge."

Familia imechanganyikiwa, na hatuoni haya kulisema. Mama alilinyima kanisa jiwe lake, akadanganya kamati iliyomwamini, akamwacha profesa wa watu aumize kichwa bure, na papo hapo kila mfu wa Salet tangu kanisa libarikiwe ameagia kwenye kizingiti cha Nereo Zuliani. Padre, tunajua unalisikia hili leo kwa mara ya kwanza, na jiwe la kanisa litarudishwa ukitaka, lakini tunakuomba kwa magoti, isiwe leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia polenta, ugali wetu wa mahindi, siku tatu, wenzake wa kamati, na ndugu waliosafiri kutoka Bosnia. Wabebaji, mkifika mlangoni teremsheni mara tatu, taratibu. Baba alibakiza hatua moja; Mama, mvushe, kisha mpumzike wote wawili.